Mpango wa jamii uanze kwa lugha ya wenyewe: Waik, Watepeth, Benet na Batwa

Mwanzisha uzi, Kaabong

Wanajukwaa, salaam.

Naandika kutoka Kaabong, kaskazini mwa Karamoja, Uganda, ambako nimefundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa kuwa nasikia Kiswahili, Kiingereza na Ngakarimojong, lugha ya Wakarimojong, mara nyingi huitwa kuwa karani wa mikutano ya mipango ya parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Jambo ninalolileta hapa limenikaa rohoni tangu mkutano mmoja tuliofanya upande wa Timu, kwa Waik, jamii ndogo ya asili ya huku.

Maafisa walikuja na fomu ya Kiingereza. Swali lilisomwa kwa Kiingereza, likafasiriwa kwa Ngakarimojong, kisha kijana mmoja akalitia katika Icetod, lugha ya Waik wenyewe. Swali lilikuwa: mahitaji makuu ya kijiji hiki ni yapi? Majibu yakaja upesi: kisima, zahanati, barabara, madarasa. Niliijaza fomu kwa muda usiozidi robo saa, na wakubwa wakafurahi kwamba kazi imekwisha mapema.

Gari lilipoondoka, wazee na akina mama hawakunyanyuka. Waliendelea kuzungumza kwa Icetod, sauti ikiwa chini, na mazungumzo yale yakachukua muda mrefu kuliko mkutano wenyewe. Nilimwomba yule kijana anieleze. Mzee mmoja alikuwa akiuliza nani ataongoza sherehe ya kubariki mbegu, maana wanaoyajua maneno yake yote wamebaki wachache. Mwingine alisema kwamba njia ya kwenda kwenye mizinga ya nyuki siku hizi inapitiwa na wezi wa mifugo, kwa hiyo vijana hawaendi tena kurina, na asiyekwenda kurina hajifunzi majina ya miti. Bibi mmoja alikuwa akizungumzia binti ambaye hapati usingizi tangu usiku wa uvamizi, na walikuwa wakishauriana ni mama gani akakae naye, kwa siku ngapi, na aambiwe nini.

Yote yale yalikuwa mipango. Yalikuwa na mhusika, wakati na mahali. Hakuna hata moja lililokuwamo katika fomu niliyoijaza kwa mkono wangu.

Hoja yangu, basi, ni hii: mpango wa maendeleo wa jamii ya asili uanze kwa swali lililoulizwa kwa lugha ya jamii hiyo, na majibu yaandikwe kwanza kwa lugha hiyo, ndipo yafasiriwe kwa ajili ya wilaya. Tukifanya kinyume, yaani tukianza na fomu kisha tukatafuta mkalimani, tutapata tu yale ambayo fomu ilikuwa ikiyatarajia.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliona jambo hili. Tunapomwuliza mtu kama ni mzima, hatuulizi habari ya homa peke yake. Uzima ni uhai, ni afya, na ni hali ya kitu kisichopungua, kama tunavyosema siku nzima au chungu kizima. Luganda nayo huliita obulamu, neno ambalo ni uhai na ni afya kwa pamoja. Runyankore na Rukiga zina amagara. Ni ofisini ndipo uzima ulipogawanywa, afya ikapewa idara yake, ardhi idara yake, na utamaduni ukawekwa mwishoni, mahali ambapo bajeti haifiki. Binti asiyelala hayumo katika idara yoyote kati ya hizo, kwa sababu dawa yake inahitaji mama mwenye maneno yanayofaa, njia iliyo salama na kijiji kinachokaa pamoja jioni.

Kisheria hatuombi jambo geni. Katiba ya 1995, katika malengo yake ya taifa, inaagiza lugha zote za Uganda ziendelezwe na kuhifadhiwa, na kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuufuata na kuukuza utamaduni na lugha yake. Jedwali la Tatu la Katiba linataja jamii za asili 65 tangu lilipopanuliwa mwaka 2005. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 nayo inataka mpango wa wilaya ubebe ndani yake mipango ya mabaraza ya chini. Mlango upo. Tunachokosa ni desturi ya kuupitia tukiwa na lugha zetu.

Na Waik wana sababu ya pekee ya kujali ni nani anayewasikiliza na kwa lugha gani. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi kwao katikati ya miaka ya 1960, wakati wa njaa kali, na kitabu alichotoa mwaka 1972 kiliwatangaza duniani kote kuwa watu wasio na huruma hata kwa watoto wao. Mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine, ambaye aliichunguza Icetod kwa karibu, alimpinga vikali, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Turnbull hakuwa ameijua lugha ya watu aliowaandika. Sifa ile mbaya ingali inawafuata. Sensa ya 2014 iliwahesabu Waik karibu 14,000, na mpaka leo mgeni anayefika hapa huwa ameshasikia habari za ubaya wao kabla hajasikia neno moja la lugha yao.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hii tunayoifuata, watazame jirani zao. Watepeth wa milima ya Moroto, Napak na Kadam ni maelfu ya watu, lakini lugha yao ya Soo imebaki kwa wazee wachache tu. Nyang'i, lugha nyingine ya Kuliak, ukoo wa lugha wenye Soo na Icetod pia, haisikiki tena majumbani. Icetod pekee ndiyo ambayo watoto wangali wanalia, wanacheza na kugombana kwayo.

Naomba michango yenu, hasa ya wale mnaoishi na jamii nyingine ndogo.

Mchangiaji, Kisoro

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Mimi nafanya kazi na Batwa, wenyeji wa asili wa misitu ya huku kusini-magharibi, nami nataka kuongeza upande ambao ni mgumu zaidi: jamii ambayo lugha yake imekwisha kumezwa na ya jirani. Batwa wa huku kwetu wanazungumza Rufumbira, wa Kanungu na Kabale wanazungumza Rukiga. Mtu anaweza kuuliza, mtahuisha nini?

Jibu nimelipata kwa wazee wenyewe. Lugha ya msitu wanayo ndani ya Rufumbira hiyohiyo. Ni majina ya mizizi, aina za asali, namna ya kumwita mwenzako bila kumshtua mnyama, maneno ya kuomba ruhusa kabla ya kukata kitu. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, waliondolewa bila ardhi na bila fidia ya maana. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake, na wote wawili, mzazi na mtoto, hawajawahi kuonyeshwa mmea ule ambao babu analitaja jina lake. Neno limebaki, kinachotajwa kiko upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, kwa hiyo neno nalo linaondoka taratibu. Agosti 2021 Mahakama ya Kikatiba iliamua kwamba Batwa walinyimwa haki zao na wanastahili kufidiwa. Wazee wanauliza kila mara hukumu hiyo itafika lini kijijini.

Kuhusu afya, kuna mfano ninaopenda kuutaja. Hospitali ya Bwindi ilianza mwaka 2003 kama kliniki ya chini ya mti, iliyowafuata Batwa mahali walipokuwa wamekaa. Naona huo ndio utaratibu sahihi: huduma ilikwenda kwao, ikakaa kivulini, kwanza ikasikia. Majengo yalifuata baadaye.

Katika mpango wowote wa Batwa, mimi ningeweka safari za msituni za wazee na vijana, kwa ruhusa ya hifadhi, kuwa ni shughuli ya elimu na ya afya kwa pamoja. Nimewahi kuona mzee ambaye kijijini hazungumzi na mtu, amekaa na pombe yake tangu asubuhi, akiingia msituni na kugeuka mwalimu kwa saa nne bila kuchoka.

Mchangiaji, Kampala

Mwalimu, nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge. Nchi hii ina lugha zaidi ya 40. Mfumo wa maendeleo wa parishi, uliozinduliwa Februari 2022, unatoa shilingi milioni 100 kwa parishi kwa mwaka, na fedha hizo ni za kuinua kipato cha kaya. Mama anayetembea saa tatu kutafuta maji hatakuuliza habari za sarufi. Watoto wa Karamoja wanahitaji Kiingereza cha mtihani na Kiswahili cha Afrika Mashariki ili wapate kazi. Je, hatuwafungi milimani kwa jina la utamaduni? Na sisi wapenzi wa Kiswahili, si tulikuwa tukisubiri kwa miaka mingi lugha hii ipewe nafasi yake?

Mwanzisha uzi, Kaabong

Ndugu wa Kampala, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kirefu kwa sababu ndilo swali ambalo hata maafisa wetu huuliza.

Kwanza maji. Wanaojua kijito kipi hukauka mwezi gani ni wale waliokipa jina. Majina ya mahali katika Icetod ni kumbukumbu ya ardhi: mahali palipokuwa na chemchemi, mahali palipozikwa watu, mahali ambapo adui alipita. Kisima kinachochimbwa bila kuuliza majina hayo kinaweza kuwekwa kwenye njia ya wezi wa mifugo, na mama yule utakuwa umempunguzia mwendo na kumwongezea hofu. Kwa hiyo mtu anapozungumzia lugha, maji hayajaachwa nyuma.

Pili gharama. Nimehesabu. Mkutano wa lugha ya wenyewe unataka siku mbili zaidi, chakula cha watu, na posho ya vijana wawili wanaojua kuandika Icetod. Fedha za parishi ulizozitaja zisiguswe. Lakini mfumo huohuo una nguzo saba, na mojawapo ni ya uhamasishaji wa jamii na kubadili mtazamo. Sijui utabadilishaje mtazamo wa mtu kwa lugha anayoisikia nusu.

Tatu watoto. Mtaala wa mwaka 2007 unasema mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani kutoka darasa la kwanza hadi la tatu, kisha aingie Kiingereza darasa la nne. Watunga mtaala hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya ngoma za kale. Walijua kwamba mtoto husoma vizuri zaidi anapoanza na lugha anayoielewa. Kwa Waik, mara nyingi lugha hiyo ya nyumbani huwa ni Ngakarimojong, lugha ya jirani, kwa sababu vitabu na walimu wa Icetod ni haba. Mtoto wa Ik basi huanza shule kwa lugha ya pili na kuhamia ya tatu. Na Icetod si rahisi kuiandika kwa kubahatisha: irabu nyingi za mwisho wa maneno hunong'onezwa tu, na sikio langu la Kiswahili lilichukua miaka kuzitambua. Kamusi pamoja na muhtasari wa sarufi ya Terrill Schrock, iliyotoka mwaka 2017, inapatikana bure mtandaoni. Haina budi ifike mikononi mwa walimu.

Sasa Kiswahili. Naipenda lugha hii na ndiyo inayonilisha. Kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha uamuzi wa kukitumia rasmi kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyoagiza. Nilifurahi. Lakini tukumbuke kwamba wazee wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari, na kwamba mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin, bila ridhaa ya bunge wala ya watu. Baadhi ya akina mama wa huku, wakisikia "njoo hapa", mwili wao hushtuka. Kwetu mpakani Kiswahili ni lugha ya soko na ya jirani wa Turkana, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Kikija mkutanoni, kikae mahali pa mkalimani. Kisikalie kiti cha mwenye nyumba.

Mwisho, kuhusu kufungwa milimani. Huko British Columbia, magharibi mwa Kanada, jamii za asili hutengeneza mipango yao mipana ambamo lugha, ardhi na uponyaji huandikwa pamoja. Utafiti wa Hallett, Chandler na Lalonde, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba katika jamii za jimbo hilo ambazo zaidi ya nusu ya watu waliweza kuzungumza lugha yao, kujiua kwa vijana kulikuwa kwa nadra sana au hakukuwapo. Sisemi kwamba sarufi huponya. Jamii iliyoshika lugha yake huenda ni ileile iliyoshika shule zake na mabaraza yake. Lakini hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo: mambo haya hukaa nyumba moja.

Mchangiaji, Kapchorwa

Nimesoma yote kwa uchungu kidogo, kwa sababu neno moja limetugharimu ardhi. Sisi wa Benet hujiita Mosopisyek, watu wa mosop. Katika Kupsabiny, lugha yetu, mosop ni nyanda za juu za mlima Elgon, na soi ni tambarare za chini. Mosop kwetu ina majani ya ng'ombe, mapango, mianzi, mizinga na makaburi. Kwenye ramani za serikali pote pale paliandikwa msitu, na kwa kuwa msituni hapakai watu, sisi tulioonekana pale tukaitwa wavamizi.

Mwaka 1983 zilitengwa hekta 6,000 za kutuhamishia chini, na ugawaji wake ukawaacha wengi bila kitu. Mwaka 1993 mlima ukawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwa makubaliano iliyotutambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo lile, lakini mwaka 2008 watu wakafukuzwa tena, na familia zikalala mapangoni na kwenye vibanda.

Tulipochora ramani yetu wenyewe, tulianza na wazee wawili na kijiti, juu ya udongo. Tuliwakataza vijana kutumia simu mpaka mazungumzo yalipokwisha. Kila jina lilipotajwa, mzee alieleza ni ukoo gani uliokaa pale na ng'ombe walilamba chumvi wapi. Ilikwenda siku tatu. Baadaye ndipo tukahamishia kwenye karatasi, jina la Kupsabiny likiwa juu na maelezo ya Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo. Afisa mmoja alipoiona alisema hajawahi kujua kwamba mahali pale pana majina.

Mchangiaji, Fort Portal

Kwa ufupi tu. Huku Tooro tuna empaako, jina la heshima na upendo analopewa kila mtu: Amooti, Akiiki, Abwooli, Ateenyi na mengineyo. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza desturi hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akifika ana hasira au maumivu, namwuliza empaako yake kabla ya kumwuliza anaumwa nini, na mara nyingi mabega yake hushuka. Hatukufundishwa hilo chuoni. Ningependa lingekuwamo katika mpango wa afya wa parishi yetu, limeandikwa, ili na muuguzi mgeni alijue.

Mchangiaji, Kisoro

Swali kwa Mwalimu: tukirekodi maarifa ya dawa na kuyaandika katika mpango, si tunayatoa kwa kila mpita njia? Mti ambao Bakiga huuita omumba, gome lake huuzwa mpaka Ulaya kwa dawa ya tezi dume. Wenyeji wamepata nini?

Mwanzisha uzi, Kaabong

Dada, hapo umegusa mahali panapotaka uangalifu mkubwa kuliko pote. Tangu 2019 tuna sheria inayohusu tiba asilia, na inasaidia kumtambua mganga, lakini haitoshi kuzuia maarifa yasibebwe. Nionavyo mimi, mpango uwe na sehemu mbili. Ile inayokwenda wilayani iseme tu kwamba jamii ina waganga na wakunga kadhaa, inahitaji njia ya kufika kwenye mimea, na inataka zahanati ishirikiane nao. Majina ya mimea, kipimo na maneno yake yabaki katika daftari linalokaa kijijini, kwa lugha ya kijijini, na wazee waamue ni nani alisome. Kurekodi sauti kuwe hivyohivyo. Nimeona watafiti wakija na vinasa sauti vizuri, wakaondoka, na nakala isirudi kamwe.

Ndugu wa Kapchorwa, ramani yako ya udongoni nimeisimulia kwa wazee wa Timu juzi. Walicheka kwa furaha, kisha wakaanza kubishana pale pale kuhusu kilima kimoja.

Kuhusu binti niliyemtaja mwanzoni, mama aliyechaguliwa alikaa naye majuma mawili. Mmoja wa timu ya afya ya kijiji, ambaye ni Mwik, aliwatembelea, akaandika katika daftari lake kwa Icetod, kwa kuwa safu za fomu yake hazikuwa na mahali pa kuandika hofu ya usiku. Binti analala sasa, ingawa si kila siku. Tumekubaliana kwamba katika duru ijayo ya mipango, ukurasa wa kwanza utakuwa wa Icetod, na kwamba swali litaulizwa na yule bibi, baada ya mbegu kubarikiwa, wakati watu wote wamo nyumbani. Swali alilolichagua ni fupi, na kwa Kiswahili ningelifasiri hivi: ni nini kimepungua hapa kwetu? Mimi nitakaa nyuma na kalamu. Mwenye namna nzuri ya kupanga kurasa za lugha mbili, ya wenyewe juu na ya wilaya chini, naomba aniwekee hapa kabla ya mwezi wa tisa.

Mchangiaji, Kapchorwa

Nitakupigia picha za kurasa zetu Jumamosi, Mwalimu. Zina madoa ya maziwa, lakini zinasomeka.